Ua Jeupe la Fundi Saa

Wengine hufuga kuku, wengine hufuga ndevu. Shemeji yangu alifuga ua ambalo halikuwepo, akalifuga miaka kumi na mbili.

Namzungumzia mume wa dada yangu mkubwa, fundi saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi bila kuongeza neno, kana kwamba seremala na mafundi bomba walikuwa wanabahatisha tu. Miaka thelathini na nane alikaa kwenye kijiduka chenye upana wa mlango na nusu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, kibano mkononi, akifufua saa ambazo mafundi wengine walishazitangazia msiba. Halafu zikaja simu zenye saa ndani yake, na wateja wakapungua mmoja mmoja kama meno ya mzee. Alipofunga duka alirudi nyumbani na boksi la vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na mikono isiyojua pa kwenda.

Ua la kwanza nilimpelekea mimi. Mkitaka kujua mazuri ya familia hii yalianzia wapi, niulizeni mimi. Na haya mengine pia niulizeni mimi, maana hakuna mwingine atakayewaambia. Wakati huo nilikuwa naendesha lori la mchanga, na hakuna dereva aliyewahi kulirudisha lori nyuma kwenye uchochoro kama mimi, hilo hata wanaonichukia wanalikubali. Mama mmoja niliyempelekea mchanga alikuwa anang'oa mimea uani kwake apate pa kujenga stoo. Akanipa mashina matatu ndani ya gunia. Mimi sina kazi na maua, nikapita kwa dada, nikayatua mlangoni, nikasema, "Shemeji, shika watoto hawa, wamefiwa."

Ni jamii ya yungiyungi. Majani yake marefu kama nyasi iliyosahauliwa kukatwa, na katikati yanatoka mabua yenye vitumba vingi. Kila ua linafunguka asubuhi, jioni limekwisha, kesho linafunguka jingine kwenye bua lile lile. Ndiyo maana nyumbani tuliyaita siku-moja. Dada aliyapanda pembeni ya ukuta, akidhani mambo yameishia hapo. Kumbe Fundi alikuwa ameinama juu ya ua na kioo chake jichoni, analikagua kama saa iliyosimama.

Akanionyesha. Kila ua lina vijiti sita vyenye unga wa njano kichwani, hao ndio waume. Cha saba ni kirefu, kimejipinda mbele kidogo, hakina unga. Huyo ndiye mke. Fundi alikuwa anaamka kabla jua halijapata nguvu, anachomoa kijiti kimoja cha ua hili kwa kibano cha saa, anakwenda kukipangusa kwenye ncha ya kile cha saba cha ua lile. Anafunga uzi wa rangi shingoni mwa ua, anaandika daftarini nani kaolewa na nani. Ukichelewa mpaka jua likapanda, unga unakauka na ndoa haishiki.

"Shemeji," nikamwambia, "kumbe wewe ni mshenga."

"Mshenga analishwa," akajibu bila kuinua kichwa. "Mimi hata chai sijanywa. Sogea, unanizibia mwanga."

Ndoa ikishika, panatokea kifuko cha kijani ukubwa wa dole gumba. Baada ya wiki saba kinakauka, kinapasuka, na ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa kama viatu vya askari. Unaziweka kwenye friji ndani ya chupa, halafu unazipanda, halafu unasubiri. Miaka mitatu, ndugu zangu! Mtu anaoa, anaachwa, anaoa tena, mbegu bado haijatoa ua. Na likitoka, kati ya mia, tisini na tisa ni ya kutupa.

Mara ya kwanza aliponiambia anatafuta jeupe, nilicheka.

"Jeupe lina nini? Hata chumvi ni nyeupe."

"Halijawahi kupatikana," akasema. "Yapo yanayoitwa meupe, lakini ukiyaweka kando ya karatasi, hili lina njano, lile lina waridi. Jeupe la kweli hakuna."

"Sasa kama hakuna, unatafuta nini?"

Akatoa kioo jichoni, akakifuta kwa pindo la shati. "Shemeji, mimi nimetengeneza saa elfu kumi na ushee. Zote za watu. Ndani ya hata moja hakuna alama kwamba nimepita. Nataka kitu kimoja ambacho kisingekuwepo kama mimi nisingekuwepo. Kimoja tu. Halafu nife zangu."

"Una binti."

"Huyo nilisaidiwa," akasema, na dada aliyekuwa anapita na ndoo akamrushia maji ya mkono mzima.

Ndivyo alivyokuwa. Maneno machache, lakini yakitoka yanakuwa yameoga na kuvaa.

Mwaka wa tano, asubuhi moja, nikasikia naitwa juu ya ukuta, maana nyumba zetu zimepakana. "Redio! Redio, njoo! Njoo hivyo hivyo ulivyo!" Redio ni mimi. Wanasema wamenipa jina hilo kwa sababu sizimiki, na wanaosema hivyo ndio hao hao wanaokuja kusikiliza. Nikaenda na taulo kiunoni, nikamkuta dada naye ameitwa.

Kwenye kitanda chake cha maua, hatua nane kwa tatu, miche miwili ya kifuko kimoja, ndugu wa damu, kila mmoja ulikuwa umefungua ua lake la kwanza asubuhi ile ile. La kulia lilikuwa pana, la duara, kingo zake zimejikunja kunja kama gauni la sherehe. La kushoto lilikuwa jembamba, limekaa kama limeamshwa kabla ya muda wake. Fundi alikuwa ameshika karatasi aliyoichana daftarini, ameiweka nyuma ya lile la kulia. Mkono wake, ule mkono uliokuwa unatia skrubu ndogo kuliko punje ya sukari, ulikuwa umeibana kwa vidole viwili tu.

"Niambie unaona nini," akasema.

Nikaangalia. Karatasi ilikuwa nyeupe. Ua lilikuwa rangi ya siagi iliyokaa mezani. Ua zuri, sisemi, lakini siagi.

"Hakuna tofauti," Fundi akasema. "Ua na karatasi. Mnaona? Hakuna tofauti."

Hapo upepo ukaisogeza ile karatasi, ikapita nyuma ya lile la kushoto, na kwa muda wa kufumba na kufumbua sikujua karatasi imeishia wapi na ua limeanzia wapi.

Nikafungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu. Dada yangu ana miguu ya mtu aliyebeba maji maisha yake yote, akikukanyaga, umekanyagwa.

"Ni jeupe, mume wangu," akasema.

Basi na mimi nikajitia. "Jeupe? Shemeji, hili ukilianika kwenye kamba, majirani watakuja kuulizia shuka lao."

Fundi akacheka. Tangu afunge duka sikuwa nimemsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni, mpaka akashika ukuta. Halafu akachukua sululu ndogo. Kitanda chake kilikuwa kidogo, na alikuwa na sheria moja aliyokuja nayo kutoka dukani, ambako meza ilikuwa ya saa moja tu: kila kifuko kinatoa mshindi mmoja, waliobaki wanaondoka siku hiyo hiyo, usije ukawaonea huruma.

"Na hili la kushoto?" nikauliza.

"Nalo ni jeupe, lakini umbo lake baya. Petali kama masikio ya mbuzi." Akapiga sululu mara mbili, shina likatoka na mizizi yake, ua bado limefunguka. Akanikabidhi. "Peleka shimoni."

Nililibeba, mimi na taulo langu, mpaka shimo la taka la mwisho wa mtaa, nikalitupa juu ya maganda ya viazi. Jumamosi wakachoma taka.

Niliporudi, dada alikuwa ananisubiri mlango wa jikoni. Akaongea kwa sauti ya kunong'ona yenye meno. "Macho yake yameingia ukungu. Unadhani duka alilifunga kwa ajili ya simu? Saa ya mwisho aliifunga vizuri, akamrudishia mwenyewe, halafu akakuta gurudumu limebaki mezani. Siku nzima hakula. Sasa leo amecheka. Ukimwambia lile ua ni la njano, usikanyage tena hapa."

"Lakini dada, lile jingine..."

"Jingine lipi?"

Yeye alikuwa anamtazama mumewe, hakuwa anatazama maua. Nikaona niache. Ua ni ua, nilijiambia. Na chai ilikuwa tayari.

Fundi akaliita Bi Harusi. Mimi, ambaye ningeweza kukaa kimya tu, kazi ambayo haihitaji hata darasa la kwanza, sikukaa kimya. Nililitangaza. Kwenye kituo cha malori, kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji. "Shemeji yangu ana ua ambalo dunia haina." Watu wakaanza kuja kuliona, na kila aliyefika mlangoni nilimpokea kwanza mimi, nikamshika mkono, nikamwambia, "Ukiingia, ni jeupe. Tumeelewana?" Mtaa wetu una adabu. Waliingia, wakasema jeupe, wakanywa chai, wakatoka.

Mmoja tu hakuelewa somo. Mzee aliyekuwa mkuu wa posta, tunamwita Postamasta mpaka leo, naye alikuwa na siku-moja zake nyumbani. Akainama, akatazama, akasema kwa ile sauti ya kukukatalia kifurushi, "Fundi, hili ni la njano."

Fundi akatoa kioo jichoni.

"Umesema?"

"Njano. Njano iliyopauka, lakini njano."

Fundi akanigeukia. Nilikuwa na nafasi, nakiri. Watu wawili wanasema njano, mtu angejiuliza. Badala yake nikasema, "Mzee, wewe si ndiye uliyepeleka barua ya marehemu baba kwa mtu wa mtaa mwingine? Leo unataka tukuamini kwa rangi?" Watu wakaangua kicheko. Postamasta akachukua kofia yake akaondoka, na Fundi akanipiga begani. "Wivu," akasema. "Wivu unamtoka mpaka masikioni."

Sikuwahi kupigwa bega na shemeji yangu kabla ya siku hiyo. Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Miaka saba ikapita hivyo. Bi Harusi akaozeshwa kwa kila ua la kitandani. Watoto wake wakatoa maua, Fundi akawachagua kwa macho yale yale, akabakiza ya siagi na mengine ya siagi zaidi, akatupa mengine yote. Shina mama, lile lililozaa kifuko chenye wale ndugu wawili, liliozea mizizi mwaka mmoja wa mvua nyingi, na Fundi hakulisikitikia. "La kazi gani tena? Nimeshapata." Alipokuwa anakaa kwenye stuli yake asubuhi, alikuwa anaona kitanda kizima cheupe, hatua nane kwa tatu. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Aliniambia mara moja, "Redio, sasa hata nikiitwa, nitakwenda bila kugombana."

Mwaka huo mpwa wangu, binti yao, akaja likizo. Ni muuguzi wa mji mwingine, ana macho ya mama yake na mdomo wangu, Mungu amsaidie atakayemuoa. Siku ya pili akamwona baba yake anamimina chai kando ya kikombe.

"Mtoto wa jicho," akasema. "Macho yote mawili. Hii kitu inatolewa kwa nusu saa, anawekewa lenzi, anaona kama kijana. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Mimi na dada tukatazamana.

"Mjomba, mbona mnaangaliana?"

Tukamweleza jikoni, kwa zamu, kila mmoja akimsukumia mwenzake sehemu mbaya. Akaweka sahani chini.

"Mmemdanganya baba miaka saba?"

"Si kumdanganya," nikasema. "Ni kukubaliana naye."

"Mjomba!"

"Na wewe sasa umekuja na lenzi zako. Kwa nini usimwache?"

"Kwa sababu mwakani hataona hata ua lenyewe, liwe jeupe, liwe jeusi. Atakuwa anapapasa ukuta kwenda chooni. Hilo nalo mtakubaliana naye?"

Jioni akamweleza baba yake habari za lenzi. Fundi mwenyewe alisita kidogo tu. Alimwuliza binti yake swali moja: "Nitamwona Bi Harusi vizuri zaidi?" Mpwa wangu akasema ndiyo. Hakudanganya.

Wakafanya jicho la kulia kwanza. La kushoto akapewa tarehe, wiki sita mbele. Alirudi na bandeji, na masharti: asiiname, asiguse udongo, asitoke nje penye vumbi wiki mbili. Kesho yake bandeji ikatolewa sebuleni. Akageuza kichwa taratibu, akakagua chumba.

"Huu ukuta," akasema, "ni wa bluu?"

"Siku zote ni wa bluu," dada akamwambia.

"Mimi nilidhani ni kijani." Akamgeukia mkewe. "Na wewe umezeeka."

"Ulikuwa unaniangalia kwa huruma ya ukungu," dada akasema, na tukacheka wote. Halafu Fundi akaangalia pazia, akaangalia mikono ya shati lake, akauliza, "Hizi nguo mmezifua na nini? Mbona kila kitu ni cheupe hivi?" Hapo dada akaangusha kijiko.

Sasa sikilizeni akili ya darasa la sita. Nilijiambia: ua hili linaishi siku moja. Asubuhi linafunguka. Nikiwahi alfajiri nikalichuma kabla halijafunguka, leo halipo. Kesho vilevile. Wiki mbili nitazimaliza kwa vidole, na baada ya hapo Mungu ataleta kingine. Dada akakubali, kwa kuwa hakuwa na kingine. Mpwa wangu akasema tumerukwa na akili, akapanda basi akarudi kazini.

Siku nne nilichuma. Vitumba kumi na moja, vitumba tisa, vitumba kumi na nne, vitumba nane, vyote mfukoni. Fundi akauliza mbona hasikii watu wakisifia maua. Nikamwambia kuna mdudu.

"Mdudu gani?"

"Mbaya sana, Shemeji. Anakula kitumba kizima. Mtaa mzima tunalia."

Siku ya tano akanikuta nakunywa chai jikoni. Alikuwa amesimama dirishani muda mrefu, mikono nyuma, jicho lake jipya limeelekea uani.

"Redio," akasema, "huyu mdudu wako anakata bua sawasawa, pale pale, kila kitumba. Hatafuni. Hata tone la utomvu hajamwaga." Akanigeukia. "Mdudu gani ana ukucha wa dole gumba?"

Sikujibu. Si kawaida yangu, na ndiyo iliyonikamatisha.

Kesho yake nilipopanda ukuta, alikuwa ameshakaa kwenye stuli. Amevaa koti juu ya nguo za kulalia, karatasi iko gotini. Kulikuwa kumeshapambazuka. Maua yalikuwa yanafunguka, na siku hiyo, kama kunikomoa, yalikuwa mengi: ishirini na moja, niliyahesabu nikiwa mguu mmoja huku, mguu mmoja kule.

"Shuka," akasema. "Utavunja ukuta."

Nikashuka. Hakuinama, sharti hilo aliendelea kulifuata. Alininyooshea ile karatasi. "Nishikie. Nyuma ya huyo."

Nikaiweka nyuma ya Bi Harusi. Akatazama. Akasema, "Na huyo." Nikahamisha. "Na huyo." Tukaenda hivyo kitanda kizima, mimi nimeinama kama mtu anayetafuta sarafu, yeye anaonyesha kwa kidole. Ishirini na moja. Hakuruka hata moja. Akaniambia nirudi kwa la kwanza, nikarudi.

"Njano," akasema.

Nikaishusha karatasi.

"Wewe ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Shemeji. Nilikuwa na taulo."

"Na mke wangu?"

"Yeye alikuwa anakuona wewe."

Akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya fundi anapofungua saa na kukuta alichokitegemea. "Postamasta," akasema.  Akatazama mikono yake, naona alikuwa anapiga hesabu: miaka mitatu kwa kila kizazi, na vizazi vinne au vitano, na sabini na tatu. Mimi si mzuri wa hesabu lakini hiyo hata mimi niliiona haitoki.

Halafu akauliza lile nililokuwa naliogopa miaka saba.

"Walikuwa wawili asubuhi ile. Ndugu. Yule niliyemng'oa, wa kushoto. Alikuwaje?"

Ndugu zangu, mimi nimeshaongopa mbele ya askari wa barabarani, mbele ya wakwe, mbele ya daktari. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni: alikuwa njano kuliko huyu, Shemeji, tena wa ovyo. Yangemtuliza. Nilimwangalia, na lile jicho lake safi likaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona nimwambie mtu huyu ukweli, walau mmoja, anaostahili.

"Alikuwa mweupe," nikasema.

"Mweupe vipi?"

"Karatasi ilipita nyuma yake, nikashindwa kumwona."

Akapokea karatasi yake, akaikunja. Ua moja likafunguka petali ya mwisho, karibu na goti lake. Kisha akasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Sasa mimi nitajuaje kwamba hilo nalo hulisemi ili nifurahi?"

"Shemeji, naapa."

"Siku ile pia ulisema majirani watakuja kuulizia shuka lao."

"Ile ilikuwa mzaha."

"Basi," akasema. "Ukinifurahisha unaongopa, ukiniumiza unaongopa. Labda alikuwa mweupe. Labda unaona nastahili walau kuwa nimewahi kumshika mara moja. Sina pa kulipima hilo. Hakuna tena." Akanyanyuka, akishika ukuta. "Nisaidie kufika mlangoni. Nimeambiwa nisiiname."

Sikutukanwa. Ningetukanwa ningejua pa kuanzia. Mchana akatuma mtu kwa Postamasta kumwomba radhi, na yule mzee akaja mwenyewe, kofia mkononi, akasimama mbele ya maua, na kwa wema wake wote akasema, "Lakini Fundi, ukiwa mbali kidogo, na jua likiwa hivi, mtu anaweza kusema ni jeupe." Fundi akamtazama mtu pekee aliyewahi kumwambia kweli, akamkaribisha chai, na hakuonekana tena kusikia alichokuwa anaambiwa.

Tangu hapo nyumba ile haina neno linalosimama. Dada akisema chai ina sukari, Fundi anaonja kwanza. Akiambiwa binti kapiga simu kumsalimia, anauliza alipiga saa ngapi. Dada analia jikoni, mimi namwambia yatapita, naye ananiangalia kama anavyoniangalia mumewe. Zile mbegu za kwenye friji, chupa nne, Fundi alizitoa akaziacha juu ya meza bila kufunika mpaka zikasinyaa. Nyuzi hakufunga tena. Maua yanafunguka, yanajikunja, hayaolewi na mtu.

Wiki sita zikatimia. Tarehe ya jicho la kushoto ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mpwa wangu alipiga simu mara nne.

"Mwambie baba aende, Mjomba. Wewe ndiye unayejua kumshawishi."

"Nilikuwa najua," nikamwambia.

Siku hiyo nikavaa shati la maana, nikaazima gari kwa rafiki, nikaenda kumchukua. Nikamkuta kwenye stuli, mbele ya maua, ameweka kiganja juu ya jicho la kulia, lile jipya. Nikadhani linamuuma.

"Haliumi," akasema. Akaondoa mkono, akatazama kitandani, uso ukabaki ulivyo. Akaurudisha mkono. Mabega yakashuka kidogo. "Kwa hili la kushoto bado ni meupe," akasema. "Yana ukungu, lakini meupe."

"Shemeji, hilo wakiliacha litazima kabisa."

"Najua. Hilo nililisoma mwenyewe."

"Basi twende. Gari liko nje."

"Litazima lini?"

"Sijui. Mwaka, miwili."

Akapima kama aniamini. "Inatosha," akasema.

Saa nne ikapita. Nilirudisha gari, nikarudi kwa miguu. Saa sita bado alikuwa pale pale, jua limempanda mgongoni, maua yameanza kulegea. Mkono ulikuwa umemchoka. Alikuwa ameegemeza kiwiko kwenye goti, kiganja kimefunika lile jicho zima, na dada alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula chake, hajui amwite kwa neno gani.